X Nyekundu

Jumanne usiku, Sumbawanga

Tangu serikali iuze kinu cha unga, tajiri aliyekinunua anadai hata kiwanja jirani cha kanisa letu la Kianglikana ni chake. Leo vijana wake wamepiga X nyekundu kando ya mlango. Maana yake litabomolewa.

Mchungaji akasema tuombe. Tuombe tu! Nikachukua ndoo ya chokaa tuliyoweka kwa ajili ya Pasaka, nikaipaka yote juu ya ile X, mlinzi wa kinu akinitazama.

“Mama Tabu, unajitafutia balaa.”

Nikamjibu kwa jeuri.

Nimerudi nyumbani, nikazunguka nyuma kuchukua kuni. X nyingine, ukutani kwangu, rangi bado mbichi. Watoto wamelala, hawajaiona.

Na chokaa yote imeishia kanisani.