Vidole Kumi vya Rukia

Jumapili, baada ya magharibi. Doha.

Joto limepungua leo. Madirisha ya jirani yako wazi na harufu ya vitunguu vyao inanifikia mpaka kitandani. Nimekula, nimeoga, nimekaa. Siku nyingi sijajisikia hivi.

Nimelipiza kisasi. Naandika hivyo hivyo, bila kuzungukazunguka.

Mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya safari za umra. Nauza nafasi za basi. Kina mama wanakaa mbele ya meza yangu, nawaeleza Makka ilivyo, mlango gani wa msikiti uko karibu na hoteli, wapi pa kutawadha, viatu waviweke wapi. Wanaondoka wakiniombea dua. Mimi mwenyewe sijawahi kufika. Nawaeleza kwa picha za kwenye simu.

Kwa hiyo tuliposikia habari za mpango mpya wa mpaka wa Saudia kwa wasafiri wa mara kwa mara, nilijua Mungu kaniona. Unahojiwa, unachukuliwa alama za vidole, ukikubaliwa unapewa kadi. Ukifika mpakani unapita njia yako, hukai kwenye foleni ya mabasi ukisubiri pasipoti zigongwe muhuri huku watoto wa watu wanalia. Ofisi yetu iliambiwa ipeleke mwanamke mmoja. Na Mudir wetu, mkuu wa ofisi, Bwana Osman, alisema mbele ya watu wote kwamba mwenye kadi ndiye atakayewaongoza kina mama, kila safari.

Akaandika jina langu. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kuuza nafasi.

Sasa njoo kwa Rukia.

Rukia ni wa kwetu Mombasa, mtaa mmoja, madrasa moja. Alipokuja Doha hana mbele wala nyuma nilimpokea mimi. Chumba chetu cha Al Rayyan tulikuwa tumejaa tayari, nikamlaza kitandani kwangu, tukalala mzungu wa nne miezi na miezi, nyayo zake usoni kwangu. Kazi ya ofisini nilimtafutia mimi. Kiarabu cha simu nilimfundisha mimi. Shukrani ya punda ni mateke, walisema wakubwa, nami nilidhani wanasema punda.

Alimwendea Mudir kimya kimya akamwambia kwamba gari linanitapisha. Ati Zuhura akikaa kwenye basi nusu saa tu anatafuta mfuko, sasa ataongozaje watu mpaka Makka? Ushahidi wake ni siku ile tuliyokwenda Al Wakrah kula samaki na kamba. Nilitapika, ndiyo. Nilitapika kwa sababu wale kamba walikuwa wameoza, na yeye anajua fika, maana ndiye aliyenishika kichwa!

Mudir ni mtu wa haraka haraka. Khalas, akalifuta jina langu, akaweka la Rukia, akamwambia siku na saa kwa mdomo. Mimi nikaambiwa nisijali, afya kwanza.

Afya kwanza!

Rukia akaja mezani kwangu na sauti yake ya kubembeleza mtoto. "Dada, usinichukie, hata mimi nimeshtuka." Nikamwambia riziki ni ya Mungu. Meno nje, ndani kunatokota. Aliyeninong'oneza ukweli ni mhudumu wa chai, aliyekuwa mlangoni na sinia yake wakati Rukia anayamwaga.

Lakini kuna jambo moja Mudir alilisahau. Masharti ya mahojiano yalikuwa yameshatumwa kwenye simu yangu, wakati jina langu bado lipo. Njoo na pasipoti. Njoo na kitambulisho cha ukaazi. Na vidole vyote kumi viwe safi, visiwe na kidonda, plasta wala hina, la sivyo mashine haitaweza kuvisoma.

Wala hina. Nikazima simu, nikaiweka mkobani.

Na hapa Doha, mtu yeyote wa pwani ukimuuliza nani anapaka hina, atakutajia mimi. Harusi, Idi, arobaini ya mtoto, simu inalia kwangu.

Ijumaa ilikuwa sherehe ya hina ya binti mmoja wa Malindi, huko Umm Salal, kwenye shamba la kukodi lenye bwawa na zulia la plastiki. Nilikaa kwenye kona yangu tangu alasiri. Na nilivaa glavu. Mimi, niliyezoea kufuta hina kwa kidole kitupu! Wakanicheka, ati Zuhura siku hizi daktari. Nikasema ngozi inaniwasha.

Zamu ya Rukia ikafika. Akakaa, akaninyooshea mikono. Mikono yake ni mizuri, siwezi kusema uwongo. Alitaka maua tu, juu ya mkono, mepesi, kwa sababu Jumapili ana mahojiano na anataka kupendeza. Alilisema hilo neno mahojiano kwa sauti, kina mama wote wasikie.

Shetani angeweza kupita zake. Mimi ndiye niliyemvutia kiti.

Nikamwambia, "Maua matupu ni ya watoto wa skuli. Hebu nikujaze na ncha za vidole, kama bibi zetu. Afisa akiiona mikono hiyo ataamka akupe kiti chake."

"Haya, dada, wewe ndiye fundi."

Fundi akafanya kazi. Nilichanganya hina na piko, ile rangi nyeusi, nikajaza kidole kimoja kimoja, kutoka kwenye ncha mpaka pingili ya kwanza, mbele na nyuma. Ikakauka. Nikarudia. Nikamfunga mifuko ya nailoni ishike vizuri. Mgongo uliniuma kama mtu aliyelima. Alipofungua na kuona weusi ule unavyong'aa, alinibusu mashavu yote mawili.

Nikamwambia, "Mungu akupe unachostahili."

Akaitikia, "Amin."

Leo asubuhi aliondoka ofisini na abaya mpya, marashi yanabaki nyuma yake. Nami nikauza nafasi. Niliuza kwa furaha, nakwambia, hata yule mama anayeuliza bei kila wiki bila kununua leo nilimpa juisi.

Kabla ya adhuhuri simu ya Mudir ikalia. Mashine imemkataa. Gumba, imekataa. Kidole cha shahada, imekataa. Wamempangusa kwa spiriti, wamemwosha kwa sabuni, hina ndiyo kwanza inapendeza. Ameambiwa arudi ikishatoka, na kama ofisi ina mtu mwingine imlete leo leo kabla hawajafunga. Bwana Osman ni Msudani, mkewe naye ni mtu wa hina, akapiga kelele kwamba mambo ya nyumbani kwake sasa yamemfuata mpaka kazini. Kisha akanigeukia.

"Zuhura, kwenye basi utatapika?"

"Sitatapika."

"Yalla, nenda."

Pasipoti ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Ilikuwemo tangu Ijumaa.

Afisa alikuwa msichana mdogo, mpole, na macho yake hayakubanduka usoni kwangu. Akaniuliza nasafiri na nani, kwa kazi gani, nimekaa Doha muda gani. Akaniuliza kama nimewahi kusema uwongo kwenye mpaka wowote. Nikasema hapana, na ni kweli, mpakani sijawahi. Nikaweka vidole kwenye kioo. Taa ikawaka kijani, ikawaka tena, vyote kumi. Akanipa hongera.

Nimepita! Kadi inatoka wiki hii, basi langu la kwanza linaondoka wiki ijayo. Nitaiona Kaaba kwa macho yangu haya.

Kwenye teksi nikaanza kupanga maneno ya kumwambia Rukia. Nitaingia polepole. Nitasema, "Pole, dada, usinichukie, hata mimi nimeshtuka." Yale yale yake, herufi kwa herufi. Nitayasema huku navitazama vidole vyake, mpaka aelewe. Maana kisasi gani hicho ambacho mwenyewe hana habari nacho?

Nilimkuta kwenye jiko dogo la ofisi, pale tunapochemshia chai. Macho yamevimba. Kabla sijafungua mdomo akanishika mikono yote miwili kwa vile vidole vyake vyeusi.

"Zuhura, nisamehe. Mimi ndiye niliyemwambia Mudir maneno ya kutapika. Tamaa iliniingia. Na Mungu hakunichelewesha, kanilipa hapa hapa duniani, kwa vidole hivi hivi."

Mungu!

Nilitaka kupiga ukelele. Mungu wapi? Ni mimi! Ni mimi niliyekaa Umm Salal na glavu za plastiki, natoka jasho, nakujaza kidole baada ya kidole! Kazi yangu ya alasiri nzima, kaichukua yote kampa Mungu. Astaghfirullah, lakini ndivyo nilivyowaza.

Nikafungua mdomo, nikasikia unasema, "Nimekusamehe."

Akalia begani kwangu. Akaniombea nifike salama, nimkumbuke huko kwenye dua. Na mimi nimesimama pale namchukia kuliko Ijumaa. Ijumaa alikuwa mwongo aliyeniibia nafasi yangu, nilijua la kumfanya. Leo kaomba radhi kama mtu mzima, katua mzigo wake, kaenda zake kunywa chai. Mzigo wangu ninao.

Nikimwambia, ataumia, atalia, na Mudir atasikia kabla chai haijapoa. Kadi itakwenda, basi litakwenda. Nisipomwambia, haya, safari ipo.

Ila kuna kitu nilikuwa sijakifikiria, na ningekifikiria labda ningempaka maua tu. Kiongozi wa kina mama ana kazi yake ya kwanza kabla ya kazi zote. Sisi hatuendi kwenye Nyumba ya Mungu na haki ya mtu shingoni. Unawatafuta uliowakosea, unawaomba radhi, ndipo unafunga begi. Kuwakumbusha kina mama ni juu ya kiongozi, na Mudir kaniambia ujumbe uende leo leo kwenye kundi la safari. Ofisi yote imo kwenye hilo kundi. Rukia yumo.

Nimeuandika vizuri. "Kina mama wapenzi, kabla ya safari kila mmoja wetu amtafute aliyemkosea amwombe radhi. Msione haya." Nilipofika hapo kwenye msione haya nilicheka peke yangu, wenzangu wa chumbani wakageuka wakaniuliza kulikoni. Nikasema hakuna.

Nimeutuma.

Wa kwanza kujibu ni Rukia. "Amin, dada. Mimi nimeshaanza."

Nitamwambia. Wallahi nitamwambia, uso kwa uso, na akitaka kunizaba kofi anizabe. Lakini ile hina niliipaka mara mbili, nikaifunga na nailoni, na kazi yangu naijua. Kwenye ncha za vidole itakaa mpaka niende Makka nirudi.

Kwanza itoke.