Palizi ya Baba Mkwe

Jumapili, 6 Februari 1949

Isansa. Mvua tangu alfajiri, kanisa nusu tupu. Nimehubiri juu ya upendo saa nzima na dakika kumi. Akina mama wa mbele wamelia. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Baada ya ibada Mchungaji, aliyekuja kwa baiskeli kutoka misheni, akanivuta pembeni. Maneno mazuri, Mwalimu Anania, akasema, lakini upendo una mikono. Ya kwako inafanya nini? Nikaitazama. Ina wino.

Nikazunguka nyuma ya kanisa kumalizia hasira yangu. Huko nikasikia wanawake wa kwaya wakisema habari za Tumpe, mke wa mwanangu Nathanaeli. Shamba lake limezama kwenye majani. Mimba ya miezi saba, mume yuko migodini Nkana, hana wa kumshika mkono. Ametuma neno kwao Hasamba: kaka yake Jairo aje Jumamosi amchukue.

Akienda, hatarudi. Nimeyaona mambo hayo. Mjukuu wangu wa kwanza atakulia kwa watu wengine, na Nathanaeli atakuta nyumba ina popo.

Jumatatu, 7 Februari

Sikulala vizuri. Mama Nathanaeli angekuwa hai, asubuhi angebeba jembe na mambo yangekwisha. Mimi siwezi hata kumwuliza Tumpe hali. Kwa mila yetu Wanyiha, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani. Tangu arusi, miaka miwili, nimeona mgongo wake tu. Tukikutana njiani anajitupa kwenye mibuni. Mwaka jana alijitupa na chungu cha maji, kikavunjika. Misheni wanasema katika Kristo hayo yamekwisha. Sawa. Misheni hawakai Isansa.

Vibarua hakuna, kila mtu anapalilia kwake. Basi nitapalilia mwenyewe, kwa siri, mchana, wanawake wakiwa wameteremka kijitoni. Shamba lenyewe sijawahi kulikanyaga. Nathanaeli alilivunja Oktoba, mimi nikiwa kwenye kozi ya walimu Rungwe. Najua liko ng'ambo ya kijito, baada ya mikaratusi, mahindi na maharage. Kumwuliza mtu njia ya kwenda shamba la mkwe wangu siwezi. Watasema Mwalimu ameharibika akili.

Nimenoa jembe.

Jumanne, 8 Februari

Mistari kumi na mmoja! Malengelenge manne. Shamba si baya kama walivyosema, majani ni ya kiasi. Wanawake huongeza chumvi. Mara moja nilisikia mtu anapita, nikalala kifudifudi katikati ya mahindi na suruali yangu ya kanisani. Siku nyingine nitavaa ile ya zamani.

Jumatano, 9 Februari

Mistari tisa. Shamba limekwisha! Mgongo umekataa kunyooka. Nimefundisha hesabu nimeinama, kama ninayetafuta sindano. Imeandikwa mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Yangu yote miwili imevimba, inajua.

Jioni nimeletewa kapu kutoka kwa Felista, mjane wa ng'ambo ya kijito. Ugali wa ulezi, kuku mzima, juu kitambaa kilichotariziwa maua. Nikasema, tazama, mahubiri yamezaa matunda. Nimekula kuku wote. Nimelala na amani.

Alhamisi, 10 Februari

Ole wangu.

Amekuja Kefa, kaka yake Felista, amevaa koti na kofia katika mvua hii. Akakaa. Akasema habari za mvua, za mibuni, za mguu wake. Kisha akasema jembe langu wameliona. Mwanamume anayetaka mke hulima kwao mwanamke kabla hajafungua kinywa, hilo ni jambo la heshima, ila kwa mwalimu wao walitegemea barua. Ukoo haukatai. Akauliza kwa upole: na yule kuku, ameliwa?

Nikasema ameliwa.

Basi umekubali, akasema Kefa, akatabasamu.

Nimepalilia shamba la mjane! Siku mbili! Nikamweleza yote, Tumpe, Mchungaji, mikaratusi. Kefa akavua kofia, akaikung'uta maji. Akasema maelezo hayo yangefaa zaidi kabla ya kuku.

Ijumaa, 11 Februari

Nimekwenda kwa Felista kuomba radhi. Nilijitayarishia maneno, na mstari wa Warumi. Hakuningoja nimalize. Alicheka mpaka akakalia kinu. Alisema hata yeye alijiuliza, mchumba gani huyu anayejificha kwenye mahindi matako yakiwa nje.

Kisha akafuta macho. Akasema tangu mumewe azikwe, miaka mitano, hakuna aliyetia jembe katika shamba lile ila yeye. Jumanne aliniona toka kijitoni. Alitaka kuniita. Akaona acha, akasimama tu anatazama.

Nikainama nikamwokotea mchi. 

Akanionyesha kwa kijiti: la Tumpe ndilo lile linalopakana na lake. Majani yamefika magotini. Akasema mwenye macho angejua. Nimerudi nyumbani nimenyong'onyea, kwa ajili ya mjane huyu na kwa ajili yangu. Kesho ni Jumamosi.

Jumamosi, 12 Februari. Shambani, saa nne

Nimekuja jua linachomoza, bila kujificha. Shamba la Tumpe hasa. Nimekiona cha mtema kuni. Majani yana mizizi kama ya mwaloni. Saa tatu nimemaliza mistari mitano tu, nikasikia watu njiani. Jairo, kijana mrefu, amebeba mzigo kichwani. Nyuma yake Tumpe, amebeba mkeka. Njia ya Hasamba inapita hapa hapa.

Mibuni ya kujitupia hakuna. Akageuka akanipa mgongo. Mimi nami nikageuka nikampa wangu. Jairo kabaki katikati, anatazama migongo.

Nikamwambia Jairo: mwambie dada yako nimechelewa, lakini nimekuja. Jairo akamwambia, hatua sita kutoka hapa, kana kwamba yuko Tunduma. Akarudi na jibu: anasema si kazi ya baba hiyo, ni aibu kwake. Nikasema: mwambie aibu ni yangu, mtoto yule ni wa nyumba hii, nitapalilia leo, Jumatatu na Jumanne, na kuni nitaleta. Akampelekea.  Kisha nikasikia mzigo unawekwa chini. Nilifikiri Jairo amechoka. Nikachungulia kidogo, chini ya kwapa. Tumpe amechukua jembe lililokuwa limefungwa kwenye mkeka, anaanza mstari kutoka upande ule mwingine!

Nikapiga kelele: Jairo, mwambie apumzike, mimba hiyo! Jairo akamwambia. Akarudi: anasema wewe upumzike, baba, unang'oa vibaya. Nikauliza: vibaya namna gani? Akaenda, hakurudi na jibu. Sasa Jairo amekalia mzigo, amesema yeye si tarishi, mnasikizana vizuri, semezaneni wenyewe.

 Majembe mawili tu. Yeye anakuja huku kinyumenyume, mimi nakwenda kule kinyumenyume. Imebaki mistari saba kati yetu.

Halafu sauti, si ya Jairo. Ndogo, imekaza kidogo.

"Baba. Hayo ni maharage."

Nikatazama mkononi. Kweli ni maharage. Nimeyang'oa tangu asubuhi, mistari mitano, nimeyarundika vizuri kwenye majani.

Miaka miwili, na hilo ndilo neno la kwanza.  Nimeketi juu ya tuta, nimetoa daftari hili na penseli, najifanya ninaandika jambo la kanisa. Jembe lake limesimama. Anangoja. Jairo naye anangoja, ameshika mzigo, hajui aubebe au auache. Mimi ninayehubiri saa nzima na dakika kumi, bila karatasi. Nimeandika na kufuta: mwanangu. Nimeandika na kufuta: asante. Ananyanyua mguu, sijui anakuja huku au anaondoka, siwezi kutazama, ni lazima niseme sasa hivi, naweka penseli