Muziki wa Hewa Inayokwisha

Jumatatu, 12 Agosti 2002

Upepo tangu asubuhi. Ngano iliyobaki shambani imelala, hakuna wa kuivuna. Kombaini zote zimesimama karakanani, nyingine hazina hata matairi. Wanasema shamba la serikali litauzwa. Wanasema tutatolewa kwenye kota. Wanasema mengi. Baba hasemi. Anakaa kitandani ameegemea gunia la makapi, anavuta hewa kama mtu anayevuta ng'ombe mkaidi kwa kamba.

Kifurushi cha Alfredi kimefika na basi la Katesh. Alfredi wa sekondari, aliyekuwa akipiga ngoma kwenye kwaya nilipokuwa napiga kinanda. Sasa ana chumba cha kompyuta Arusha, na yeye na wenzake wa Nairobi wanatengeneza gemu. Mtu mmoja yuko ndani ya chombo cha angani. Chombo kimeharibika, wenzake wamekufa, hewa inapungua, anatafuta njia ya kurudi duniani. Muziki nimepewa mimi. Mimi niliyerudi huku kumuuguza baba, nina kinanda cha betri na redio kaseti ya deki mbili!

Kazi yangu ya kwanza ameikataa. Amejirekodi kwenye kaseti, anaongea polepole asiniumize. Nimeweka milio ya ting-ting ya nyota kama sinema za zamani, na chini yake, anasema, kuna kanisa.

"Hilaria, mtu yule hana hata wa kumzika. Muziki wako unamfariji."

Nilikasirika. Halafu nikasikiliza tena. Ni kweli, unamfariji.

Jumatano, 14 Agosti

Nimekwenda kwenye maghala. Mlinzi ameshaacha kazi, mlango umefungwa kwa waya tu. Nilibeba redio nikijiambia natafuta sauti. Nadhani nilitaka pia kukaa mbali kidogo na kikohozi cha baba.

Ghala la pili ni tupu. La chuma, la mviringo, refu kuliko kanisa la kwetu Tumati. Ndani giza, na juu upepo unaingilia kwenye bati lililong'oka. Haulii. Unashika chuma, unazunguka, unashuka mpaka kifuani. Nilipiga ukuta kwa kiganja. Sauti ikaenda, ikazunguka, ikanirudia imekuwa kitu kingine, kikubwa, kisichonijua.

Nikafikiri: chombo ndicho hiki. Nyumba ya chuma. Watu waliletwa kutoka mbali waishi kwa ajili yake, sasa mashine zimezimwa. Muda wote nilikuwa natafuta sauti ya angani nikitazama juu. Kumbe huko angani hakuna sauti. Mtu yule anasikia chuma chake, basi.

Baba alimaliza ujana wake humu. Walikuwa wanaingia kubandua ngano iliyoganda ukutani, koleo mkononi, kitambaa puani. Vumbi lilikuwa kama ukungu wa milimani, alisema, humwoni mwenzako. Daktari wa hospitali ya misheni alituonyesha picha ya mapafu yake. Yamekakamaa. Hayatafunguka tena. Tumpe dawa ya kumtuliza, tumweke mahali anapopenda.

Nimejaza upande mzima wa kaseti.

Jumapili, 18 Agosti

Mzee Gidabuday ameleta maziwa. Boma lake liko nje kidogo ya mpaka wa shamba. Kabla ya ngano haya yote yalikuwa malisho ya kabila lake, na walitolewa kwa fimbo. Sijui kwa nini anamletea maziwa mtu wa ghala. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akakaa na baba. Hawakuongea kitu. Alipotoka aliniambia mlangoni kwamba mzee anataka kwenda kwao, nisijifanye sijui.

Najua. Baba anataja Tumati kila siku. Nimemwambia tungoje apate nguvu.

Mchana wote kwenye kinanda. Noti mbili tu, za chini, zilizoachana. Nimegundua jambo. Wimbo wa kwaya una mwanzo na mwisho, watu wanasimama, wanakaa. Wa gemu hauna. Mchezaji anaweza kukwama chumba kimoja nusu saa nzima, muziki unazunguka tu. Ukiweka kipande kitamu, mara ya kwanza atakipenda. Mara ya tatu atakuwa anakijua. Baada ya hapo atazima sauti. Utamu unachosha. Kisichochosha ni kile ambacho mtu hata hakujua anakisikiliza, kama mashine ya kusaga ya jirani. Siku ikinyamaza ndipo unashtuka.

Kwa hiyo nguvu iko kwenye kunyamaza. Lakini lazima kwanza kiwepo kitu cha kunyamaza.

Baba aliomba nipunguze sauti. Alisema inamkumbusha kazini.

Ijumaa, 23 Agosti

Sijui niandikeje hii.

Jana niliacha redio dirishani inarekodi, nipate upepo wa kwenye nyasi. Nikaenda bombani, nikakuta foleni, nikachelewa. Leo nimesikiliza. Upepo upo, kwa mbali. Mbele yake yupo baba. Redio ilikuwa imeelekea kitandani.

Anavuta. Pumzi inakwama. Panalia kitu chembamba, kama filimbi ya mtoto, halafu hewa inapita. Anatoa, muda mrefu. Kimya. Unangoja. Anavuta tena.

Mimi nalala chumba hichohicho kila siku, nimeshazoea. Kwenye kaseti sikuizoea. Niliiweka juu ya sauti ya ghala, na zile noti mbili chini kabisa. Hakuna wimbo hapo. Hakuna huzuni ya kupangwa. Lakini ukisikiliza unajikuta na wewe unavuta pamoja naye, na inapokwama, wewe ndiye unayekwama.

Hii ndiyo yenyewe. Nilijua palepale. Na palepale nilijua natakiwa kuifuta.

Nimempa kondakta wa basi aifikishe Arusha.

Alhamisi, 29 Agosti

Nilikwenda Katesh kupiga simu. Alfredi alisema alipoisikiliza alijikuta amezuia pumzi. Mwenzake mmoja wa Nairobi alivua vidude vya masikioni, akatoka nje. Aliuliza nimeifanyaje.

Nikasema ni upepo na kipande cha bomba.

Kwa nini nilisema hivyo? Lilitoka lenyewe.

Akaeleza kwa furaha jinsi watakavyoitumia. Sauti tatu. Ya kwanza hewa ingalipo, ya pili imepungua, ya tatu inakwisha. Kompyuta itabadilisha yenyewe, kufuatana na hewa iliyobaki kwa yule mtu. Mchezaji hataangalia kipimo, atasikia. Nikasema ndiyo, ndivyo inavyotakiwa. Nilikuwa na furaha, niandike ukweli. Ya kwanza ninayo, niliirekodi juzi asubuhi baba akiwa amelala vizuri, nitaituma kwa basi. Ya pili ndiyo hii.

"Na ya mwisho, unayo?"

"Bado," nikasema.

Bado! Njia nzima ya kurudi, nyuma ya lori la vitunguu, neno hilo linanigonga.

Jumapili, 1 Septemba

Sikwenda misa. Baba ameamka vibaya, midomo ina rangi ya majivu. Uji ameukataa. Nilimkalisha, nikampa dawa, nikamsugua mgongo. Alipotulia kidogo nilikaa kwenye kigoda changu. Redio ilikuwa chini ya kitanda. Sikumbuki kuamua. Mkono ulikwenda, ukabonyeza.

Ina taa nyekundu ndogo. Sikuifikiria ile taa.

Baba aliona mwanga wake, akaniuliza ninachukua nini. Ningeweza kusema nyimbo, redio, chochote. Nilisema ni pumzi yake. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliuliza ni ya nini, nikamweleza yote, chombo cha angani, wenzake waliokufa, hewa. Nilieleza vibaya. Kwa Kiiraqw, lugha yetu, hakuna maneno ya vitu hivyo, nikawa nachanganya Kiswahili. Alisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri, macho kwenye paa.

"Ni mchezo?"

"Ni mchezo, Baba. Wa kompyuta."

Akapumzika. Kila maneno machache lazima apumzike.

"Na huyo mtu, anafika kwao?"

"Inategemea anayecheza."

Alivuta hewa mara mbili. Kisha akasema, "Basi wewe cheza vizuri. Nipeleke Tumati."

Akageukia ukutani. Nilizima. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, na vumbi la uwanjani likanijaa mdomoni, sikulitema.

Jumanne, 3 Septemba

Nimetuma ujumbe Tumati kwa kaka Sulle, kupitia mwalimu anayekwenda Mbulu. Nimesema aje na gari lolote. Nilikuwa nangoja nguvu ambazo haziji. Au nilikuwa nangoja kitu kingine. Sitaki kuandika ni kipi.

Alfredi naye ameleta ujumbe, kwa basi. Bado sauti ya tatu tu, mengine yote yamekamilika. Anasema kama bomba limepotea nijaribu kwa kinywa changu.

Nimejaribu. Nilikwenda mpaka ghalani ili baba asisikie. Nilivuta, nikakwamisha koo, nikatoa kidogokidogo. Nikarudia mpaka kizunguzungu. Ukisikiliza, ni mtu anayeigiza. Kila kitu kipo mahali pake, kukwama kupo, filimbi ipo, lakini masikio hayadanganyiki. Nadhani ni kwa sababu mimi najua nitapumua. Kwenye kile kimya cha katikati mimi napumzika. Baba kwenye kile kimya hapumziki, anajiandaa.

Nilikuwa nadhani muziki mzuri wa mambo kama haya ni kujua kupanga. Kumbe ni kuwa na kitu ambacho mwenye nacho hawezi kukizima. Sasa ninakijua, na ningefurahi kutokijua.

Nimemrudishia jibu kwamba ya tatu haitakuja. Atumie kimya. Hewa ikikaribia kwisha aondoe noti, aondoe ghala, aondoe kila kitu, abaki mtu na picha. Atafikiri nimechoka. Atafikiri anavyopenda.

Ijumaa, 6 Septemba

Naandikia magotini. Tuko barabarani, hatujafika Dongobesh.

Sulle alikuja asubuhi na pikapu ya parokia, yeye na dereva anaitwa Nikolausi. Alimwamkia baba, akamtazama, akanitazama mimi. Tulitandika godoro nyuma. Tulipomwinua nilishangaa, hana uzito. Mzee Gidabuday alikuwepo na wanawe wawili, walishika godoro upande wa miguu. Baba alipokwisha kulazwa Gidabuday alimshika mkono, akamwambia kitu kwa lugha yao. Baba aliitika kwa lugha hiyohiyo. Miaka yote sikujua anaijua.

Kaseti zote nilizitia kwenye jiko la mkaa kabla ya kuondoka. Zinanuka vibaya zikiungua. Zilizoko Arusha ziko Arusha, siwezi kuzirudisha. Kuna watu nisiowajua watakaa mbele ya kompyuta, pengine nchi za mbali, wavute pamoja na baba yangu bila kujua jina lake. Margwe. Sijui kama ni dhambi. Padri nitamuuliza, nikipata namna ya kumweleza.

Njia mbaya. Nikolausi anaendesha polepole, hata hivyo kila shimo linamtoa baba sauti. Mimi nimekaa naye nyuma, kichwa chake kwenye paja langu, kanga usoni kumkinga vumbi. Hapa kwenye mlima wa kwanza injini imechemka. Wamefungua boneti. Sulle ameteremka na dumu kutafuta maji korongoni, amerudi. Wanamimina kidogokidogo.

Kumetulia sana. Hakuna upepo upande huu. Baridi ya juu imeanza kushuka, ile ya kwetu, yenye harufu ya majani mabichi, na nimemwondolea kanga ainuse. Amefumbua macho. Nimemwambia tumeanza kupanda, Baba, ukingo wa Mbulu ule pale. Sijui kama ameona. Vidole vyake vimesogea kwenye mkono wangu.

Inakwenda, inakaa. Inakwenda, inakaa. Ile filimbi ya pumzi yake haipo tena. Inakwenda kidogo tu, kama mtu anayeonja uji wa moto, halafu inakaa. Kukaa kunazidi kuwa kurefu.

Wamefunga boneti. Nikolausi amewasha, injini inanguruma, simsikii baba. Nimegonga kioo azime. Amezima. Sulle anauliza kuna nini, twende, bado mbali. Nimemwinulia mkono angoje.

Nasikiliza.