Kumbe Si Skrini

Jumanne, Al-Safa

Miezi mitatu nimemlalamikia bosi kwamba skrini ya kamera pale getini inaniumiza macho, kwamba magari yote naona ukungu tu. Leo amechoka na mimi. "Yalla, twende madukani Sharafiya, uchague mwenyewe."

Muuzaji akaniwashia isiyong'aa na kuniambia nisome nambari ndogo. Ukungu. Akawasha ya pili, ya tatu, hadi ile ya bei kali. Ukungu uleule, na bosi kando yangu anazisoma zote kwa sauti.

"Ipi, Kioko?"

Nikaionyesha ile skrini ya katikati. "Hii, bosi. Hii naona vizuri sana."

Mungu wangu. Mlinzi asiyeona ni wa kazi gani? Nikimwambia ukweli, halas, kazi imekwisha, narudishwa Kenya, na binti yangu Wanza ndio kwanza ameingia sekondari. Nisipomwambia, na siku moja nimfungulie mtu nisiyemjua…

Jioni fundi ameifunga. Bosi akasimama nyuma yangu, gari likaingia. "Hilo la nani?"

"La daktari wa ghorofa ya pili," nikabahatisha.

Lilikuwa lake kweli. Bosi akanipigapiga begani, amefurahi. "Umeona? Shida ilikuwa skrini."