Mwavuli Ndani ya Chumba cha Daktari

Alhamisi. Mvua, kama jana, kama juzi.

Kwa heshima na taadhima nautangazia umma wote wa Kisondela, pamoja na kuku wake, kwamba leo mwavuli wangu umefunguka. Umefunguka wenyewe, haukupigwa goti wala kutukanwa. Umma usiwe na wasiwasi.

Mwenye wasiwasi ni mimi.

Nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, hospitali ya misheni. Ndani yumo mjukuu wangu Tusekile, hata miaka mitatu hajatimiza, na wanamwingizia bomba la chuma kooni. Naandika ili mikono ipate kazi.

Tangu tulipovuna mahindi anakohoa. Homa inakuja, inakwenda. Alitibiwa kifua, kisha akachomwa sindano za kifua kikuu mpaka akawa akiona koti jeupe anashika makalio yake. Hakupona. Baba yake, mwanangu Ambakisye, yuko kwenye ujenzi wa reli, kwa hiyo mbebaji ni babu. Mwenyekiti wa kijiji amenisamehe shamba la ujamaa, nadhani bila majonzi, maana jembe langu linajulikana.

Asubuhi daktari aliinua picha ya kifua dirishani. Pafu la kulia lilikuwa na ukungu. Akasema anaweza kupitisha bomba lenye taa kwenye njia ya hewa, aone kwa macho yake kuna nini. Ila mtoto lazima apewe dawa ya usingizi, na wapo wasioamka. Alisema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Kwa hiyo hataki kubahatisha.

"Aliwahi kupaliwa na kitu?"

"Hapana," nikajibu, kwa sauti ya mtu anayejua.

Muuguzi, binti wa Tanga mwenye mdomo mwepesi, akanitazama. "Babu, mtoto anashinda na nani?"

"Na mama yake."

"Mama yake yuko wapi?"

"Nyuma ya jiko la hospitali."

"Anapika?"

"Ananikwepa."

Ikabidi nimweleze. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwanao hakutazami wala hakusemeshi, nawe humtazami. Huyu wetu akisikia kikohozi changu tu anaingia migombani. Njia nzima ya kuja hapa mimi nilitangulia na mtoto, yeye akafuata kwa mbali, analoa. Tangu aolewe sijui hata pua yake ikoje.

"Basi toka wewe, aingie yeye."

Nilijaribu. Tusekile akanikaba shingo, akalia, kikohozi kikampanda, midomo ikawa rangi ya zambarau. Daktari akaniambia nirudi nikae, nisimwachie.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

Hapo ndipo mwavuli ulipofunguka. Nikajificha nyuma yake kama kuku chini ya tenga, mtoto kifuani, macho nimefumba kwa usalama zaidi. Muuguzi akamleta mama. Mama akaanza kueleza, kwa sauti ya chini, kwa Kinyakyusa, lugha ambayo binti wa Tanga haijui zaidi ya "ndaga" ya kushukuru. Mkalimani akabaki mimi.

"Anasema walikuwa wanapukuchua mahindi," nikatafsiri kutoka nyuma ya mwavuli. "Mtoto akatia punje mdomoni, akacheka, akapaliwa. Yeye akampiga mgongoni. Mtoto akatulia, akaendelea kucheza. Kikohozi kikaja baadaye."

"Kwa nini hakusema siku zote hizo?"

Nikauliza.

"Anasema... anasema kila tulipofika kwa daktari, aliyeulizwa ni babu."

Muuguzi hakucheka, na nilikuwa nimejiandaa achekwe babu. Daktari akasema sasa anajua anachokitafuta. Akaniuliza kama nakubali. Nikasema ndiyo. Wakamchukua mtoto, wakaingia naye.

Baadaye, kabla jua halijazama.

Kijijini nitasimulia kwamba nilisimama imara kama mzee wa ukoo. Mke wangu hataamini, lakini atanyamaza mbele za watu. Kilichotokea kweli ni hiki.

Mlango ulipofunguliwa sikuweza kusimama. Muuguzi alitoka na kibakuli cha chuma. Ndani yake punje moja ya hindi, imevimba, nyeusi. "Imetoka, Babu. Bado hajaamka. Tunasubiri."

Nikasikia miguu inakimbia barazani, halafu inasimama ghafla. Mke wa mwanangu alikuwa ameniona. Mwavuli ulikuwa chini ya benchi, siufikii. Nikageuka, nikaweka paji la uso ukutani.

"Pita," nikauambia ukuta.

Akapita.

Nilikaa hivyo, uso ukutani, nikihesabiwa mwendawazimu na kila mgonjwa aliyepita. Nilifikiri jinsi ya kumwandikia Ambakisye, nikashindwa hata na salamu. Machozi yalinitoka, nikasingizia mvua, na baraza lina bati zima.

Kisha mtu akasimama mlangoni. Sauti ya chini, ile ile ya asubuhi.

"Amefumbua macho. Anamtaka babu yake."

Aliuambia mlango. Lakini barazani tulikuwa wawili tu, mimi na mlango, na mlango haujui Kinyakyusa.