Nimsomee Mama Msiba Redioni?

Mama Dufie mpendwa, nakuandikia kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni Afriyie, msomaji wa matangazo ya vifo katika redio moja hapa Ejisu, na kesho asubuhi nimepangiwa kusoma tangazo la kaka yangu mwenyewe, Boakye, aliyefariki juma lililopita gari lilipopinduka njia ya Obuasi, na mama yetu hajui, hajui kabisa, kwa sababu mjomba Amankwa, mkuu wa ukoo wetu, alituapisha tusiseme, akidai presha itampanda mama tumzike naye, basi tukamwambia Boakye amevunjika mguu, amelazwa, madaktari hawataki wageni, na kila siku mama anatwanga fufu ya mihogo na kupika supu ya mbuzi anampa mjomba apeleke, na jana aliniuliza, "Afriyie, mwenzio amekula?" nikajibu, "Amemaliza yote, mama," nikatoka nje nisimtazame usoni.

Sasa mjomba ameleta tangazo. Nikamwambia, "Mjomba, mama hufungulia redio akipanga nyanya zake sokoni. Atasikia kwa sauti yangu!"

Akasema, "Ndiyo vizuri. Sokoni kuna watu, watamshika. Wewe kazi yako kutangaza. Tangaza!"

Nikikataa, ukoo utanitenga. Nikisoma, naogopa nitamuua mama, maana presha yake ni ya kweli, amewahi kuanguka. Nifanyeje?

Afriyie, Ejisu

JIBU

Jibu hili nilimpa Afriyie kwa simu siku ileile. Nalichapa kwa idhini yake, maana nyumba zenye jambo kama hili ni nyingi.

Pole sana, binti yangu. Umempoteza kaka na hujapata hata nafasi ya kulia. Lakini nitakugombeza. Mama anampikia marehemu, nanyi watu wazima mnapokea bakuli! Huruma gani hiyo? Mjomba wako ameogopa, basi. Anataka redio iseme kilichomshinda yeye kusema.

Na hilo neno kutangaza amelishika vibaya. Mnada hutangazwa. Mkutano wa mtaa hutangazwa. Msiba nao hutangazwa, kwa majirani na marafiki waje wafariji. Ila mzazi hatangaziwi kifo cha mwanawe kama mnunuzi wa nyanya anayepita. Mzazi huambiwa, ameketishwa, ameshikwa mkono, na mtu wake. Akishaambiwa, ndipo mtangaze mpaka mchoke.

Kwa hiyo leo hii alasiri mchukue dada mkubwa wa mama yako, na yule muuguzi uliyeniambia humpima presha, aje na dawa. Mwite mjomba. Asipokuja, nendeni bila yeye. Usianze kuzunguka eti hali imebadilika, eti Mungu ana mipango. Sema, "Mama, Boakye amefariki." Kisha nyamaza, mshike. Akiuliza kwa nini mlimdanganya, usimsukumie mjomba. Omba radhi kwa ulimi wako mwenyewe. Na tangazo lisubiri, halafu alisome mwenzako. Kama ukoo utakutenga kwa hilo, nipigie, nitakuja kuzungumza nao mimi.

Kesho yake Afriyie alinipigia. Mjomba alikuja, akafungua kinywa, akabubujikwa na machozi, basi binti akasema mwenyewe. Mama alipiga yowe moja akaanguka. Muuguzi alihangaika naye kwa muda mrefu, wote wameshika roho mkononi, mpaka akafumbua macho na kuuliza, "Alikuwa peke yake?"

"Hapana, mama. Abiria mwenzake alimpakata mpaka mwisho," Afriyie akamjibu.

Mjomba akaanza, "Dada yangu, tuliona ni heri usubiri kidogo..."

"Amankwa, nyamaza. Nipelekeni kwa mwanangu."

Asubuhi yake, tangazo likiwa bado halijasomwa, walimpeleka mochwari, muuguzi akiwa pembeni yake. Mlangoni mama aliwaambia wote wabaki nje, akajifunga kitambaa vizuri, akaingia peke yake.