Mzinga Usio na Nyuki

Kijijini, karibu na Itigi

Mdogo wangu Eliwaza,

Nakusalimu wewe na wote mlioko Kiomboi. Je, mguu umepona? Mtama umetoa masuke? Mimi mzima, ila kikohozi cha vumbi hakijaniacha.

Unauliza kama kweli nimeanza uchawi uzeeni. Chanzo ni santuri aliyoniachia mgeni mpima ardhi alipohama. Haina mwimbaji, ngoma wala gitaa. Ni mitambo ya umeme tupu, inavuma na kufifia. Siku ya kwanza nilidhani gramafoni imeharibika, nikabadili betri. Siku ya pili nikamshuku mgeni kwamba alitaka kunicheka. Nikawa naisikiliza kila alasiri, kwa kuichunguza tu, hata nikajikuta nangoja mahali ambapo sauti moja nyembamba huingia chini ya nyingine, kama gari moshi linalosikika relini kabla halijaonekana. Sasa siku nisipoisikia, nyumba haikaliki.

Tangu tuhamishiwe hapa nyumba zimepangwa mstari. Ukipiga chafya jirani anajua. Jirani yangu, Mama Sihaba, akasikia mvumo akaenda kushtaki kwamba nafuga nyuki ndani. Hapa ni marufuku. Mzinga ukikutwa nyumbani unachomwa. Balozi wetu wa nyumba kumi, Hamisi, ambaye ni mrina asali, akaja na kijinga cha moto kinachofuka moshi.

"Shikamoo mzee. Mzinga uko wapi?"

"Marahaba. Sina mzinga. Ni santuri."

"Mzee, usinitanie. Nawasikia."

"Mwangalie alivyokaa!" Mama Sihaba akasema mlangoni. "Wamekwisha kumzoea!"

Hamisi akainama, akagonga kasha la gramafoni kwa kidole, akatega sikio, kama warina wanavyofanya kujua kama kundi limo. Macho yangu yalikuwa kwenye kile kijinga. Hamisi hakuinuka mpaka upande wote wa santuri ukaisha.

"Hawa hawana hasira," akasema, akaenda kuzima moto wake nje.

Tangu hapo huja kila Jumapili. Nilijua ananipeleleza. Akaleta asali, nikashuku zaidi, sikuionja. Jana nikamwuliza waziwazi, "Balozi, nani anakutuma?"

Akaona haya. "Mzee, pale sauti nyembamba inapoingia chini, ilinipita. Rudisha."

Mahali hapo sijapata kumtajia mtu ila wewe, katika barua hii. Nikarudisha. Kisha nikafungua asali.

Nisalimie shemeji, na mjomba mzee wa kanisa. Mwambie asiniombee kuhusu uchawi, aniombee betri.

Ni mimi kaka yako, ambaye bado anaijua njia ya kuja huko,

Zefania